Mzunguko wa Kumi na Mbili

4 Februari

Mdogo wangu,

Chupa tatu za sampuli zilizomo humu usizitikise, na barua isome kabla hujazifungua, maana ile ya pili inanuka kama soksi ya askari. Simu huku inashika ukipanda ngazi ya tangi mpaka juu, nami kwa mwili huu niliojaliwa nimepanda mara moja na sirudii. Basi la asubuhi linachukua vifurushi hadi getini kwenu chuoni. Kwa hiyo tutaandikiana kama babu zetu.

Kiwanda kimewaka! Jana tumepitisha mchuzi wa kwanza. Mchuzi ndivyo wafanyakazi wanavyoyaita maji yanayotoka kwenye matangi ya chachu, usiende kuandika hivyo kwenye tasnifu yako. Ngoja nikuambie nilivyowaeleza wakulima wa ushirika, uone kama dada yako amekutia aibu. Nimewaambia: magunzi yenu ya mahindi, ambayo mlikuwa mnayachoma, tunayapika kwa mvuke yatoe sukari. Chachu inakula sukari, inatoa asidi. Asidi hiyo wenye viwanda vya plastiki wanaililia. Shida ni kwamba katika ndoo mia za mchuzi, asidi ni ndoo tatu tu, zilizobaki ni maji. Ukisema uyachemshe maji yakauke, utamaliza miti ya wilaya nzima.

Ndipo nikawamwagia resini viganjani. Punje nyeupe, ndogo kama ulezi. Nikasema, hizi zinakaa ndani ya mnara wa chuma, mchuzi unapita, zinaikamata asidi na kuyaacha maji yaende zake. Ukipitisha spiriti zinaiachia asidi, huo ni mzunguko mmoja, kisha zinafanya kazi tena. Mzee mmoja akauliza, "Tena mara ngapi?" Nikamjibu, "Hamsini na zaidi. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyepima." Wakapiga makofi. Nilijikaza nisilie mbele ya watu wazima wenzangu.

Resini tuliyoletewa ni ya mwaka mzima, hakuna nyingine ghalani. Miaka kumi na sita nilipima maji ya bomba ya mji, nikaacha kazi ile watu wakasema nimepagawa. Sasa nina watu thelathini chini yangu. Yupo Fundi Pampu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na yupo mjane mmoja anayesimamia vichujio, tunamwita Mama Vichujio, anavifua vile vitambaa kama nguo za harusi.

Kula vizuri. Mama anasema umekonda kwenye picha.

Dada yako


12 Februari

Dada yangu,

Chupa zimefika salama. Ile ya pili imefukuza watu chumba kizima, profesa mwenyewe kaenda kumalizia chai yake nje.

Nimefurahi sana kwa ajili yako. Huyo mzee aliyeuliza "mara ngapi" angefaa kuwa mtahini wangu. Nitaitetea tasnifu tarehe 14 Juni, na mama keshaniuliza avae viatu gani.

Ila, dada, usiwaahidi watu mambo mengi. Maabara ni maabara na kiwanda ni kiwanda. Mchujeni mchuzi vizuri kabla haujagusa resini, na uniandikie kila mzunguko unavyokwenda. Usinifiche hata kama ni kidogo.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Umesema nisikufiche, basi sikufichi. Nimeharibu mahali, ila sijui wapi.

Mzunguko wa kwanza resini ilishika asidi yote, ukiacha chembe. Wa tano ilianza uvivu. Juzi tumefika wa tisa, na karibu nusu ya asidi imepita na maji, ikaenda mtaroni. Nimefungua mnara nikachota punje: zile nyeupe zimekuwa rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nimezisuuza mara saba. Rangi haitoki.

Rasimu ya tasnifu yako ipo mezani, nimeivalisha nailoni isilowe. Ukurasa wa arobaini na moja, mstari umenyooka kama uzi wa mwashi kutoka mzunguko wa kwanza hadi wa hamsini. Wangu unateremka kama ngazi. Nimerudia kila kitu neno kwa neno: joto, mwendo wa pampu, spiriti. Fundi Pampu ananiambia, "Bosi, pengine si wewe." Nikamwambia mstari ule kauchora damu yangu, kwa hiyo kama si yeye aliyekosea, basi ni mimi.

Niambie nilipokosea, wala usinionee haya eti kwa kuwa mimi ni mkubwa. Nilikufundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Sasa zamu yako.

Dada yako


16 Machi

Dada yangu,

Pole kwa kazi. Usijilaumu.

Mara nyingi shida inakuwa kwenye uchujaji. Kitambaa kikiwa na tundu moja tu dogo, uchafu wa magunzi unapita na kuziba vitundu vya ndani ya punje. Mwangalie anayechuja. Huenda mchana anachuja vizuri, na jioni akichoka analegeza.

Pia jaribu kuziosha punje kwa kostiki, ile magadi kali inayounguza ngozi, sehemu nne kwa mia, vuguvugu tu. Uvae glavu na miwani.

Huku nina kazi nyingi, profesa anataka sura mbili za mwisho kabla ya mwisho wa mwezi. Samahani kwa barua fupi.

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Mzunguko wa kumi na mbili umekwisha na resini haishiki kitu. Mchuzi unaingia juu na kutoka chini vilevile, kama mgeni aliyekosea nyumba. Kostiki ilisaidia siku moja.

Nimefanya jambo ambalo limenikaa kooni. Baada ya barua yako nilianza kumvizia Mama Vichujio. Siku ya nne nikakuta kitambaa kina tundu, tundu la kupitisha sindano. Nikamuuliza mbele ya wenzake. Akasema, "Bosi, tundu hilo ni la leo, limechanika nilipokuwa nakamua." Nikamwambia asinifanye mtoto. Akasema tena kwa upole ni la leo. Nikamwambia akusanye vitu vyake. Hakubishana. Alivikunja vitambaa vyote, akavipanga, ndipo akaondoka. Tangu hapo watu wakiniona wanaacha kuzungumza.

Na vitambaa sasa ni vipya, nachuja mimi mwenyewe, mara mbili. Resini imebaki vilevile.

Wafadhili wanakuja tarehe kumi Mei kutazama. Wakulima wameleta magunzi mpaka yamefunika ukuta, wamekataa kuyachoma kwa sababu nilisema ni mali. Njoo, mdogo wangu. Njoo siku mbili tu, usimame karibu yangu uniambie, "Dada, hapa." Ndani ya boksi kuna chupa ya resini iliyochakaa. Ipime kabla ya chochote kingine.

Dada yako


13 Aprili

Dada yangu,

Chupa nimeipata. Majibu hayajatoka, mashine ina foleni.

Kuja siwezi sasa, unielewe. Tarehe 14 Juni iko mlangoni.

Kama kostiki ya nne kwa mia haikutosha, unaweza kupanda hadi kumi kwa mia, na joto zaidi, lakini polepole. Wapo waliofanikiwa hivyo, nimesoma mahali.

Habari ya yule mama imenisikitisha. Pengine mrudishe tu, ili watu watulie.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona mwandiko kama wa kuku aliyeparua, ni wa Fundi Pampu. Mimi nimebanwa kidole na valvu, nasema yeye anaandika. Namtazama hapa anavyotoa ulimi kila akifika herufi kubwa.

Wafadhili walikuja, wakaona, wakaondoka. Hawakusema mengi. Tulikuwa tumejaribu kuamsha resini kabla hawajafika, haikuamka. Kiwanda kimesimama kwa muda. Nimepumzika nyumbani, nalala mchana kama tajiri.

Wewe tia bidii. Usiwaze huku. Mama asiambiwe habari ya kidole, unamjua.

Majibu ya ile chupa yakitoka niandikie. Bado nataka kujua nilipokosea.

Dada yako

*Haya ya chini naandika mwenyewe, yeye hajui. Sio kidole. Tarehe 8 tuliosha mnara wa pili kwa kostiki ya moto, kumi kwa mia, kama ulivyoelekeza. Punje ziligandamana zikawa kama jiwe, kostiki ikakosa pa kupita. Miwani ilikuwa imejaa mvuke, akaivua asome geji. Mpira wa kostiki ukachomoka, ikamrukia machoni. Nilimmwagia maji mpaka gari lilipofika. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto anaona mwanga wa dirisha, mtu haoni. Akisema ananitazama ninavyotoa ulimi, hanitazami. Mimi sio msomi lakini nadhani ndugu yake anapaswa kujua. Fundi.*


20 Mei

Dada yangu,

Fundi, najua wewe ndiye utakayesoma. Nakuomba soma yote, usiruke hata neno, hata ukiona haya kwa niaba yangu.

Dada, hukukosea popote.

Mstari wa ukurasa wa arobaini na moja ni wa kweli, lakini sio wa mchuzi. Nilichukua maji safi, nikayatia asidi safi ya dukani, nikayapitisha. Katika maji hayo resini ilifika mizunguko hamsini bila kuchoka. Kisha nikajaribu mchuzi wa magunzi. Nilijaribu mara tatu. Mara zote tatu ilikufa kwenye mzunguko wa kumi na mbili, au karibu na hapo. Ile rangi ya chai inatoka kwenye magunzi yenyewe, inaingia ndani ya punje na haitoki, uchuje kwa kitambaa au kwa hariri. Kitambaa hakina kosa. Mama Vichujio hana kosa.

Nilimpelekea profesa karatasi za majaribio yale matatu. Akazisoma, akasema, "Hayo ni ya utafiti mwingine, tusichanganye mambo." Nikasema sawa. Ndivyo nilivyosema, dada: sawa. Wakati huo hapakuwa na kiwanda, palikuwa na karatasi tu. Ulipoacha kazi ya maji na kuniambia unakwenda kusimamia kiwanda kilichojengwa juu ya karatasi zile, nilitaka kukuambia. Ulikuwa na furaha. Nikasema labda kwenye minara mikubwa itakuwa tofauti.

Barua yako ya Machi nilipoisoma, mzunguko wa tisa na rangi ya chai, nilijua siku ileile. Badala ya kukuambia nikakutuma kwa yule mama. Nikakutuma kwenye kostiki. Chupa yako ya Aprili niliipima asubuhi iliyofuata. Hapakuwa na foleni.

Sitakuomba msamaha kwenye karatasi. Tarehe 14 nitasimama mbele ya watahini na kusema yote, na tasnifu waichane. Kisha nitakuja.

Mdogo wako


3 Juni

Kwa ndugu wa Bosi,

Nimesoma yote kama ulivyosema. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani. Nilipofika pale pa "hukukosea popote" alitabasamu, akasema, "Unaona? Ananifariji." Nikaendelea. Tabasamu lilikaa usoni muda mrefu baada ya maneno kubadilika.

Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa Machi." Nikarudia. Akasema, "Rudia chupa ya Aprili." Nikarudia. Akauliza, "Asubuhi iliyofuata, ndivyo alivyoandika?" Nikasema ndivyo. Akaniambia nikunje karatasi, na nimwitie Mama Vichujio.

Yule mama alikuja. Bosi akasema, "Tundu lilikuwa la siku ile." Yule mama akajibu, "Nilikuambia." Bosi akasema, "Uliniambia." Basi. Kisha yule mama akaenda zake. Hakurudi, na Bosi hajamwita tena.

Jumamosi ushirika walikutana. Bosi alitaka apelekwe, nikampeleka kwa mkono. Alisimama akawaeleza: resini haiwezi mchuzi wetu, mdogo wangu alijua, barua hii hapa. Mwenyekiti akaichukua, akaisoma kimoyomoyo, akairudisha. Akasema, "Dada, kijana huyu anakupenda. Anajitwisha kosa lako kwa sababu ya macho yako. Chuo kizima kikosee, wewe mwenye cheti cha kupima maji ndiye upatie?" Watu wakaguna. Mwanamke mmoja nyuma akasema ni aibu kumchongea mdogo wako aliyekupimia resini. Wameandika kwenye kumbukumbu kwamba kiwanda kimekufa kwa uzembe wa msimamizi. Wafadhili wameomba nakala.

Magunzi yameanza kuota ukungu. Watu wanayabeba kurudi nayo makwao, wengine wanayachomea palepale ukutani. Nilipokuwa namrudisha aliuliza moshi huo ni wa nini. Nikamwambia.

Kama kweli tarehe 14 utasema, sema kwa sauti, na uombe iandikwe ikiwa na muhuri. Karatasi ya muhuri labda wataiamini.

Fundi


17 Juni

Dada yangu,

Fundi, mwambie nimeandika barua hii mara nne.

Walikuwa watahini watatu. Profesa alikaa pembeni. Mama alikuwa safu ya mbele, alipanda basi peke yake siku nzima, wala hakuniambia kama ameelezwa habari ya macho yako au la. Nadhani hajaelezwa. Alikuwa anatabasamu kwa kila mtu.

Nilikuwa na karatasi za majaribio matatu mfuko wa ndani wa koti. Niliongea nusu saa. Mtahini wa nje, mama mmoja mwenye mvi, akaniuliza swali lenyewe hasa. Akasema, "Resini hii inadumu mizunguko mingapi?" Hakuna mtu ambaye angeweza kunifungulia mlango zaidi ya hapo. Nilipeleka mkono mfukoni. Nikasema, "Hamsini."

Nilijisikia nikisema. Akaandika.

Nilitegemea atauliza tena, kwenye mchuzi halisi je, na ningejibu, naapa ningejibu. Hakuuliza. Wakatoka nje, wakarudi, wakanishika mkono. Mama yetu alilia. Profesa amenipa chumba changu mwenyewe, kina dirisha.

Sijui nikuombe nini. Niliahidi kuja na sijaja, kwa sababu sijui nitaingia mlango huo nikiwa nani. Niandikie chochote. Nitukane. Mwambie Fundi aandike tusi moja tu, nitalipokea.

Mdogo wako


8 Septemba

Kwa ndugu wa Bosi,

Barua zako tatu, ya Juni, ya Julai na ya Agosti, zipo kwangu. Sijazifungua. Ile ya Juni ilipofika nilimwambia imefika. Akauliza, "Ni nene?" Nikasema ina karatasi mbili. Akasema, "Angekuwa amesema, ingekuwa na muhuri, na ingekuwa fupi. Iweke." Tangu hapo nikimwambia imefika nyingine anasema, "Iweke." Kwa hiyo yaliyomo hatuyajui.

Jicho la kushoto halikurudi. Mwanga wa dirisha nao umepungua, anasema sasa ni kama shuka limetundikwa. Mama yenu alikuja kumchukua mwezi uliopita, alikuwa hajui, alijua alipofika mlangoni. Sitakuandikia alivyofanya. Wameondoka pamoja.

Kabla hawajaondoka walikuja wageni, watu wa ushirika mwingine, kutoka mbali. Wao wana mabua ya mtama na mashina ya ndizi. Wanajenga kiwanda chao na walitaka kuona chetu, hata kikiwa kimelala. Wana tasnifu yako, imepigwa chapa, ina jalada la buluu. Mkubwa wao aliifungua akanionyesha ukurasa wa mstari, akasema, "Ninyi mlikosea wapi?"

Bosi alisikia sauti zao, akatoka nje akishika ukuta. Akawaeleza yote, kwa utulivu kuliko siku ile ya mkutano. Akawaambia majaribio yalikuwa matatu. Akawaambia mzunguko wa kumi na mbili. Akawaambia wachukue mchuzi wao wenyewe na punje kikombe kimoja, wapime kabla ya kujenga. Walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, yule mkubwa wao akanivuta kando, akaniuliza, "Huyu mama, tangu ajali, kichwa chake kiko sawa?" Nikasema kiko sawa kuliko changu na chako. Akanipiga bega kama mtu anayempa pole mfiwa. Resini wameshaiagiza. Iko njiani, ya mwaka mzima.

Wanatafuta fundi wa pampu. Hapa hakuna kazi tangu Mei, na nyumbani kwangu kuna watu sita wanaokula. Nimewauliza kama watapima kwanza, wakasema wataalamu wamekwisha kupima. Nimekubali. Bosi nilimwambia kabla hajaondoka. Alinishika mkono huu wa kulia, akaupapasa kidole kwa kidole, akasema ninunue miwani isiyoingiza mvuke, kwa hela yangu, nisingoje wanunue wao.

Barua zako nitampa mtu wa ofisi ya basi akurudishie. Usiandike tena kwa anwani hii, hakuna wa kupokea. Naanza kazi Jumatatu.

Fundi